Matanga ya Kunyamaza

Mama anasema mimi nikiingia msibani naonekana kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Naingia, naangalia ukuta, natoka. Si kwamba sina huzuni. Huzuni ninayo, tena nyingi, ila haifiki mdomoni. Watanzania wa London tukifiwa tunakutana kwenye ukumbi wa kukodi au sebuleni kwa mtu, viatu vimejaa mlangoni, na kila anayeingia anatakiwa azunguke chumba kizima: shikamoo, pole, shikamoo, poleni sana, Mungu awatie nguvu. Nikifika kwa mtu wa tatu sauti imeshakwisha. Nabaki kushika mikono tu kama mwanasiasa.

"Huyu binti yako hana mdomo?" wanamuuliza Mama, na mimi nimesimama hapo hapo.

"Anao," Mama anajibu. "Anautunza."

Nilitoka Tanga nikiwa na miaka kumi, na Kiingereza nilichokuja nacho kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kiingereza kilikuja baadaye, lakini ule ukimya ulikuwa umeshanoga. Shuleni nina rafiki mmoja. Si kwamba wengine wananichukia, hapana, wananisahau tu. Yeye alikaa karibu na mimi kwenye somo la sayansi, akaongea kipindi kizima bila kuhitaji jibu, na kengele ilipolia akasema, "Nimefurahi tumezungumza." Nilicheka hadi mwalimu akageuka. Tangu siku hiyo tuko pamoja. Anaongea kwa ajili ya watu wawili, na mimi nasikiliza kwa ajili ya watu wawili.

Ni Myahudi, anaishi Hendon, si mbali na kwetu Colindale. Aliponialika kwao Ijumaa jioni kwa chakula cha kufungua Sabato, Mama aliniwekea baraza la maswali.

"Watakula nini?"

"Kuku."

"Kuku wa nani? Kachinjwa na nani?"

Mama hakuridhika na mimi. Akaulizia kwa watu anaowaamini, akaambiwa kwamba nyama ya Wayahudi inachinjwa kwa kisu na kwa jina la Mungu, na kwamba Mwislamu anaruhusiwa kuila. Akaniruhusu. Na kuanzia hapo akaamini moyoni mwake kwamba ruhusa hiyo inakwenda pande zote mbili. Hilo litakuja kutuaibisha, nitafika huko.

Ile Ijumaa ya kwanza nilikuwa nimebana mikono katikati ya magoti. Jua likikaribia kuzama, mama yake aliwasha mishumaa miwili, akavuta mwanga kwa viganja mara tatu kama mtu anayejifukizia ubani, kisha akafunika macho na kunong'ona. Alipofumbua macho, nyumba ilikuwa imebadilika. Simu zilikuwa zimezimwa na kutiwa kwenye droo. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mimi nimezoea nyumba ambayo Mama anatoka kazini kulea wazee, anakula amesimama, anaingia zamu nyingine. Sikujua kwamba watu wa London wanaweza kusimamisha wiki kwa mkono.

Baba yake alikuwa mtu mfupi, fundi wa miwani, mwenye sauti mbaya kabisa ya kuimba. Aliimba kwa nguvu zote. Aliimba kumsifu mkewe mezani, mkewe akawa anapanga uma huku anatabasamu. Kisha akaweka mikono miwili juu ya kichwa cha binti yake na kumwombea baraka, na yule rafiki yangu asiyenyamaza akanyamaza, akainama kama mtoto mdogo. Niliangalia sahani yangu. Baba yangu yuko Tanga, ananibariki kwa WhatsApp.

Mezani kulikuwa na mikate miwili iliyosukwa kama nywele, imefunikwa kitambaa chenye nakshi ya dhahabu. Niliitazama sana nadhani, maana baba yake akasema, "Uliza."

Nikatikisa kichwa.

"Uliza bwana. Kwenye meza hii asiyeuliza ndiye anayeosha vyombo."

"Baba!" rafiki yangu akasema. "Mwache."

Nikauliza, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia vizuri, kwa nini mkate umefunikwa.

Akafurahi kama nimempa zawadi. Akaniambia kwa kawaida mkate ndio unaotangulia kuombewa. Lakini usiku wa Sabato divai inatangulizwa, na mkate upo pale pale mezani, unaona umerukwa. "Kwa hiyo tunaufunika," akasema, "usione aibu."

Nikamtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Kisha akaongeza kwamba mtu akishajifunza kutouaibisha mkate, labda atajifunza kutomwaibisha mtu. Wao walinywa divai, mimi nikapewa maji ya zabibu, na nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba ningependa kuzaliwa mahali ambapo hata mkate unafikiriwa hisia zake. Nilimweleza Mama. Akasema, "Watu wa adabu hao," na kutoka kwake hiyo ni digrii.

Nilikwenda Ijumaa nyingi baada ya hapo. Nilijifunza kwa nini jikoni kwao kuna sinki mbili, moja ya vyombo vya nyama na moja ya vyombo vya maziwa, na kwamba chakula kinachofuata sheria zao kinaitwa kosher. Nilijifunza kugusa kile kijisanduku kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango, chenye maandiko ndani yake, ingawa hakuna aliyeniambia niguse. Nilianza hata kuuliza maswali bila kuombwa. Halafu baba yake akaugua. Akakonda, akawa anaimba ameketi, halafu akawa haimbi. Ijumaa zikakoma.

Ujumbe ulikuja asubuhi nikiwa kwenye basi. *Baba amefariki. Njoo kwetu.* Nikajibu: *Nakuja.* Nikaendelea kuitazama simu, nikitafuta neno la pili, hadi nikapitiliza kituo.

Walimzika kesho yake, upesi kama sisi tunavyozika. Kisha familia ikaingia kwenye siku saba za kukaa nyumbani, ambazo wao wanaziita shiva. Mama alipoelewa alisema, "Kumbe ni matanga," akavua koti la kazi na kuanza kuchambua mchele.

Mimi nililala chali kitandani. Nilikuwa najua kitakachotokea. Nitaingia, chumba kitakuwa kimejaa watu wazima, yeye atanitazama kwa sababu ni yeye aliyeniita, na mimi nitaangalia ukuta. Aliwahi kuniambia kwamba binamu yake alipofiwa na mama, marafiki wote walikuja mara moja, wakakosa la kusema, wakaona aibu, wakapotea. "Kila mmoja," alisema. "Kama wamemezwa." Yeye ndiye rafiki yangu wa pekee, na ninaweza kumpoteza kwa njia hiyo hiyo kabisa. Sina mwingine wa akiba.

"Mama, nitamwambia nini?"

"Utasema pole. Nani asiyejua kusema pole?"

"Halafu?"

"Halafu utalia kidogo. Mwanangu, msiba si mtihani."

Alipika pilau ya nyama ya ng'ombe, sufuria kubwa ya shughuli, kwa bizari anazozifuata hadi Kenton kwa Mhindi aliyekulia Tanga kama sisi. Nilimuuliza kama ana hakika. Akaninyooshea mwiko. "Nyama yao tunakula? Tunakula. Nguruwe hawali, sisi hatuli. Nyama hii ya bucha la halali. Tatizo liko wapi?" Nami niliyekaa jikoni kwao Ijumaa zote zile, nikaona ni kweli, tatizo liko wapi. Akili yangu yote ilikuwa kwenye lile neno la pili.

Tulipanda basi na sufuria imefungwa kwenye khanga mapajani mwa Mama. Basi zima likanuka hiliki. Mzee mmoja akauliza kama kuna harusi.

Mlango wao ulikuwa wazi kidogo. Mama, kama mtu yeyote wa Tanga, akasimama kizingitini, akajaza kifua.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Hendon nzima ilisikia. Nilitamani ardhi inimeze, sufuria na mimi.

Akatokea mama mkubwa wa rafiki yangu, dada wa mama yake, mwanamke mrefu niliyemwona siku chache mezani kwao. Hakukasirika. Akasema taratibu kwamba siku hizi mlango unaachwa wazi kusudi watu waingie bila kubisha, wafiwa wasisumbuke kuinuka na kukaribisha. Kisha macho yake yakashuka kwenye khanga.

"Na hiki kinachonukia hivi?"

"Pilau," Mama akasema kwa Kiingereza chake cha heshima. "Ya nyama. Halali. Nimeipika mwenyewe, kwa samli safi."

"Samli ya maziwa?"

"Ya maziwa ya ng'ombe! Siweki mafuta ya kopo kwenye msiba."

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile sinki mbili. Nyama na maziwa, kwenye sufuria moja, tena kwa kujisifu. Nikamshika Mama mkono wa nguo, lakini alishafungua fundo.

Yule mama mkubwa akaitazama sufuria. Angeweza kusema asante, akaipokea, akaitupa tukiondoka, tusijue kamwe. Badala yake akamshika Mama begani. "Dada yangu," akasema, "nitakuambia ukweli kwa sababu umetoka mbali na mzigo mzito. Hatuwezi kuila. Nyama yetu inachinjwa na mtu wetu kwa sheria zetu, na haikutani na maziwa. Lakini usifunge kwanza."

Akainama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta harufu. Akavuta tena.

"Nimeshakula kwa pua," akasema. "Sasa funika, isije ikapoa kabla watoto wako hawajaila."

Mama akafunika. Uso ulikuwa umemwiva, lakini hakuwa ameaibika kama nilivyoogopa. Walikuwa wanatazamana kama watu wawili waliopika shughuli nyingi maishani. Sufuria ikakaa kibarazani juu ya benchi, ndani ya khanga yake, na kila mgeni aliyepita aliigeukia.

"Jambo moja tu," mama mkubwa akasema kabla hatujaingia. "Mkikaa, msianze ninyi kuongea na wafiwa. Ngojeni waanze wao. Wakinyamaza, nyamazeni nao."

"Nisimpe pole?" Mama akauliza.

"Ngoja yeye aanze."

"Akikaa kimya mpaka jioni?"

"Basi umemfariji mpaka jioni."

Mama akanitazama kama aliyeambiwa apike bila chumvi. Mimi nilisimama kwenye ule ushoroba, na kitu fulani kikaniachia kifuani. Kumbe kuna watu, tena wa kale, walioketi wakafikiri kwamba mtu mwenye msiba asilazimishwe kujibu pole za watu mia, na mtu asiye na maneno asihesabiwe kuwa hana moyo. Wameifanya sheria. Ninachokifanya mimi kwa aibu, wao wanakifanya kwa heshima.

Sebuleni kioo kikubwa kilikuwa kimefunikwa shuka, wafiwa wasijitazame. Mshumaa mmoja ulikuwa unawaka juu ya kabati, ule wa kuwaka siku zote saba. Wageni walikuwa kwenye viti vya kawaida, ila rafiki yangu na mama yake walikaa kwenye vigoda vifupi, karibu na zulia, hawana viatu vya ngozi. Sweta la rafiki yangu lilikuwa limechanwa upande wa kifuani. Nilifikiri ni ajali, kisha nikaona la mama yake limechanwa pia. Wanachana nguo ili moyo uonekane ulivyo, alinieleza baadaye. Hawashoni ile wiki.

Tulionyeshwa viti. Nikakaa changu, karibu na rafiki yangu. Mama akakitazama kiti chake, akamtazama mjane aliye chini, akakitazama kiti tena. Najua alichokuwa anakiona: kwetu wanawake wote msibani wanakaa kwenye mkeka, huwezi kumkalia juu aliyefiwa. Akajifunga mtandio vizuri, akateremka, akakaa sakafuni, miguu ameikunja upande.

Watu wakaacha kunong'ona. Mzee mmoja akainuka kumsaidia, akidhani ameanguka. Mama akampungia mkono: niko sawa. Na hakusema neno. Mama yangu, ambaye anaweza kumpa pole dereva wa basi kwa foleni, aliuma midomo ikawa inatetemeka kama anazuia chafya. Machozi yalimtoka kimya kimya.

Mjane akamtazama muda mrefu.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza leo," akasema mwisho, "ninayemwona usoni bila kuinua shingo."

Mama akamshika mkono. "Pole, mwenzangu," akasema, kwa Kiswahili, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Rafiki yangu alikuwa hajaniangalia. Alikuwa anachuna manyoya ya zulia. Nilikaa. Ule ukimya wangu wa siku zote una kelele nyingi ndani yake: sema, sema basi, wanakuona. Safari hii kelele hazikuwepo. Nilisikia saa ya ukutani, na watu jikoni wakimenya mayai ya kuchemsha. Nilikuwa nimekaa naye tu. Watu waliingia, watu walitoka.

"Mama yako amekaa sakafuni," akasema, bado anachuna zulia.

"Naona."

"Mwambie asiinuke."

"Hata ukimwambia hainuki."

Akavuta pumzi. "Tangu jana watu wananiambia baba alikuwa mtu mwema. Najua alikuwa mwema. Nilikuwa naishi naye." Kisha ndipo akanitazama, macho mekundu, amenikazia. "Wewe niambie kitu cha kweli."

Ningepewa wiki nzima nifikiri nisingelipata. Lilitoka lenyewe. "Alikuwa anaimba vibaya sana."

Akaacha kuchuna zulia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anakohoa, na mimi nikamfuata. Vichwa vikageuka. Nikaziba mdomo.

"Acheni wacheke," mama yake akasema kutoka kule chini. "Paka wa jirani alikuwa anahama kila Ijumaa." Na chumba kizima kikaanza. Mmoja alikumbuka alivyoimba harusini, mwingine alivyoimba kwenye treni. Kumbe ndiyo kazi ya siku hizi, kumleta mtu mzima mzima chumbani, pamoja na sauti yake mbaya.

Wakati wa kuondoka, wageni walipita mbele ya wafiwa mmoja mmoja wakisema sentensi ile ile: nakutakia maisha marefu. Ndivyo wanavyosema Wayahudi wa Uingereza. Imekwisha kutengenezwa tayari, mtu haumizi kichwa. Nikaisema bila kigugumizi. Kwenye basi Mama alikumbatia sufuria, kimya, hadi karibu na nyumbani. "Hawa watu wamefikiria kila kitu," akasema. Pilau tuliila siku tatu.

Nilirudi kila siku baada ya shule. Mama alinipa machungwa mazima niwapelekee, maana alishauliza, tunda ambalo halijakatwa halina tatizo. Ijumaa jua lilipozama waliinuka kwenye vigoda wakavaa nguo nzima, kwa sababu Sabato haikubali msiba mbele za watu, huzuni inabaki moyoni. Jumamosi usiku wakarudi chini. Ilinishangaza, lakini rafiki yangu alisema alilala vizuri ile Ijumaa. Kilichokuwa kinamtia hofu ni Jumapili.

"Jumapili asubuhi tunainuka," aliniambia. "Tunatoka nje, tunazunguka mtaa mara moja, imekwisha. Halafu Jumatatu shule. Kila mtu atakuwa ananiangalia au hataniangalia." Akanigeukia. "Utakuja?"

Nilikuja. Baada ya sala, mama mkubwa akawaambia wainuke, wakainuka. Walivaa makoti. Tukatoka, mama yake na mama mkubwa mbele, sisi nyuma. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa ya Hendon. Mtu anaosha gari. Mtoto na skuta. Rafiki yangu alikuwa anatembea kama aliyetoka hospitali, anaangalia vidole vya miguu.

Hakusema kitu. Nikangoja aanze. Tukapita kona ya kwanza, nikangoja. Kona ya pili. Nikamwona ametazama mbele, peke yake kabisa pembeni yangu. Na hapo ndipo liliponijia: wameshainuka. Sheria ya kungoja ilikuwa ya kule ndani, imeisha. Sasa hakuna wa kunizuia kuanza, na hakuna wa kunifunika. Kama sisemi mimi sasa hivi, atapiga kona mbili zilizobaki na kuingia ndani, na kesho atakwenda shule akiamini hata mimi nimeshamezwa.

"Kesho nitakungoja kituoni," nikasema. Sauti ilitoka kubwa mno, mpita njia mmoja akageuka. "Tutaingia pamoja. Na wakikuangalia, wataniangalia na mimi."

"Wewe unachukia kuangaliwa."

"Nachukia sana."

Akanishika mkono. "Watauliza nilikuwa wapi."

"Nitawajibu mimi."

"Wewe?" Akasimama kabisa. "Wewe utajibu?"

"Nitajaribu. Nikishindwa nitawaambia kwa Kiswahili."

Akacheka kidogo, pua imeziba, halafu akaanza kuongea. Aliongea kama zamani, bila kungoja jibu: hospitali, ile asubuhi, jinsi alivyokuwa ameenda kununua maziwa na aliporudi mama yake alikuwa amesimama ngazini. Alikuwa hajamwambia mtu. Tulifika getini kwao akiwa katikati ya hadithi. Mama yake na mama mkubwa walikuwa wameshasimama, wametufungulia mlango.

Rafiki yangu hakupunguza mwendo. Tukalipita geti, tukaendelea mbele na mtaa.

"Ni mzunguko mmoja tu!" mama mkubwa akaita.

"Najua," akajibu bila kugeuka, "lakini bado namsimulia."